Muhuri wa Serikali Kwenye Chungu cha Bibi Mabon

Sogeeni, enyi mlio karibu na mlio mbali, na wewe unayetafuna muhogo, meza kwanza! Nasimulia vita kuu ya kisiwa chetu cha Pentekoste, iliyopiganwa kwa chungu kimoja na muhuri mmoja.

Ilipotangazwa kwamba madaraka yameshushwa kutoka mji mkuu hadi vijijini, tulichinja nguruwe watatu. Yakaja kweli, kwa meli: meza, bendera, muhuri, na Tabi, Ofisa wa Eneo, Jemadari wa Mafaili. Wino ukabaki mjini.

Na bomba letu lilikuwa kavu miezi saba. Bibi Mabon, Malkia wa Mikeka Myekundu, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, alipanda genge na ndoo kuteka maji kila alfajiri. Barua ya kuomba fundi ilikuwa tayari, ila bila muhuri si barua. Meli ya kuipeleka mjini ilikuwa inaondoka adhuhuri, irudi mwezi ujao.

"Shangazi, wino umeagizwa," akanguruma Tabi. "Tuvute subira."

"Subira kwa magoti ya nani, yako au yangu? Lete huo muhuri kwangu!"

Chungu chake cha rangi ya mikeka kilikuwa kinatokota. Lakini mila yetu mnaijua: mwanamume akikisogelea au hata akiitazama rangi, haishiki. Na sheria nayo: muhuri haugongwi ila kwa mkono wa ofisa. Majeshi hayo mawili yakatazamana, na meli ikapiga honi.

Bibi Mabon akachota rangi kwa kifuu, akaileta hadi kwenye ua wake wa mianzi.

"Ishia hapo kwenye ua! Geuka, mkono nyuma!"

"Shangazi, mimi ni serikali!"

"Haya, serikali, geuka!"

Serikali ikageuka. Ikapenyeza mkono kati ya mianzi, kinyumenyume, na muhuri wake. Shujaa wetu akauchovya, akaukamata mkono ule wa dola, akaugandamiza juu ya barua. Pa! Duara jekundu, zuri ajabu. Wanawake wakapiga vigelegele hadi ufukweni.

Fundi alikuja. Maji yalipotoka, Bibi Mabon aliketi chini, akayaweka magoti yake chini ya bomba, akalia.

Wino wa mjini haujafika hadi leo. Basi andikeni katika tarihi: madaraka yalitoka mji mkuu, yakapita mkoani, yakashuka kwenye eneo, na mwishowe yakafika kwa Bibi Mabon. Sasa tunapanga foleni nje ya ua wake na karatasi zetu, pamoja na ofisa mwenye mkono mwekundu, tukingoja amalize mikeka yake.