Tairi Nene na Beberu wa Mama Sikujua

Jumatatu, 6 Juni 1983

Hili sijamwambia mtu. Hata padri kitubioni sikumwambia, nilimtajia uvivu tu. Mayai arobaini ya juzi hayakuvunjwa na beberu wa Mama Sikujua. Niliyavunja mimi.

Nilikuwa nayapeleka misheni kwa baiskeli ya Baba. Askofu anakuja Jumapili kutoa kipaimara na kila kigango kinachangia. Kwa heshima yake barabara imemwagiwa changarawe mpya, mawe mengine kama viazi. Tairi letu jembamba likazama. Nikaanguka, kapu likanifuata. Beberu akatokea, akaanza kulamba ute. Basi nikasema ni yeye. Nilisema kwa sauti ndogo, kama ninavyosema kila kitu, na watu wote wakaniamini. Generosa yule mpole, adanganye?

Tangu hapo beberu amefungwa kamba nyuma ya nyumba ya Mama Sikujua, jirani yetu. Analia kutwa. Anaangalia upande wetu.

Akina mama wamekusanya mengine arobaini. Baba, ambaye ndiye katekista, ametangaza kwamba Jumamosi mimi nitabeba ishirini na Athanas, mtoto wa shangazi, ishirini. Atakayefikisha yote mazima, baiskeli ni yake kwendea shule muhula mzima. Shule ni kilomita kumi na moja! Miguu yangu inazijua zote.

Athanas kasema yake atayabeba kichwani, kwa miguu. Kichwani! Kidato cha pili, na bado hajasikia kuna gurudumu.

Jumanne, 7 Juni

Nimefikiri mpaka ugali umepoa. Kitu chembamba huzama, kipana huelea. Eneo likiwa kubwa, mgandamizo hupungua. Tulifundishwa kwa Kiingereza, nimekuja kuelewa leo kwa Kiswahili.

Fundi Maganga ana tairi nene limening'inia kwenye nguzo ya kibanda chake. Lilitoka kwenye baiskeli ya mchimbaji wa Bulyanhulu, ya kubebea viroba vya mawe ya dhahabu. Inchi ishirini na nane, sawasawa na letu! Nikamwamkia, nikalitazama tairi, nikatazama chini. Alipochoka kungoja akauliza nimetumwa nini.

Nikamweleza. Yaya, akasema, yaani hapana. Akishtuka Kisukuma humtoka. Kasema duara linalingana, ndiyo, ila upana haulingani. Tairi lile ni la ringi pana. Juu ya ringi yetu litakaa kama mtu mnene kwenye kigoda cha mtoto. Akiwa ametulia, utamwona amekaa. Akigeuka tu, chini!

Nikatoa rula. Ringi yetu, sentimita tatu na nusu. Tairi, nne na nusu. Nikamwambia tofauti ni sentimita moja, na mtu haanguki kwa sentimita moja. Akacheka, akaingiza vidole viwili ndani ya ringi. Kasema nimepima nje kwa nje, na tairi halikai nje. Huku ndani linakokaa hapafiki hata mbili na nusu.

Mzee wa watu hajasoma. Rula imeandikwa namba, vidole vyake havijaandikwa kitu.

Mwishowe kanipa tairi kwa masharti mawili. Nimwandikie barua tatu kwa kaka yake wa Kahama, na nisilivalishe mpaka nipate ringi pana. Barua nitaandika.

Alhamisi, 9 Juni

Baba yuko misheni tangu jana kwa maandalizi, kwa miguu. Kaniachia baiskeli. Nami nimelivalisha tairi gurudumu la mbele kwa vijiko viwili vya Mama. Kimoja kimepinda. Nimekirudisha chini kabisa ya vingine.

Tairi lilikuwa linasugua madigadi. Nikang'oa madigadi. Kisha nikapunguza upepo ili liwe laini kama godoro, mayai yasinzie. Hilo hata Maganga hakulifikiria.

Athanas kapita, mtungi wa maji kichwani, mikono mfukoni. Anafanya mazoezi. Kauliza kama baiskeli ina mimba. Jibu zuri limenijia sasa hivi, saa tatu baadaye.

Ijumaa, 10 Juni

Jaribio! Yai moja ndani ya soksi, soksi kwenye keria. Nimeenda mpaka kwenye kisima na kurudi. Limefika zima! Changarawe inalia chini, mimi juu nimetulia kama niko kwenye kiti cha sebuleni. Njia ya kisima imenyooka kama rula. Kona sikuijaribu, kona ni kitu kidogo.

Habari mbaya kidogo. Mama Sikujua kaja kumwambia Mama kwamba kesho anampeleka beberu misheni. Kasema mnyama aliyekosea kanisa, bora kanisa limle. Kalizungumza hilo huku anajifuta macho kwa kanga. Yule beberu kamlea kwa chupa.

Nilitaka kusema. Kweli kabisa nilifungua mdomo. Mama kauliza kama nina njaa.

Jumamosi, 11 Juni

Afadhali ningekufa.

Nimeondoka saa mbili asubuhi. Nikampita Athanas, nikampigia kengele mara nne. Akaniambia nenda, dereva. Nikaenda. Nikampita Mama Sikujua na beberu wake kambani. Nikamwamkia bila kumtazama. Beberu alinitazama.

Kisha kona ya shimo la moramu.

Nikapinda usukani. Ringi ikapinda. Tairi likakataa, likaendelea na safari yake. Likalala ubavu, likavuka ukingo wa ringi, tyubu ikachungulia nje kama utumbo, halafu paa! Ndege wote wa Bukombe wakaruka. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nimekalia mayai.

Nikasikia hatua. Nikaanza kupanga maneno. Beberu katokea porini, beberu kaniparamia. Nikainua uso. Beberu alikuwa amesimama mbele yangu, kamba shingoni, ncha ya pili mkononi mwa Mama Sikujua.

Mama Sikujua kayatazama mayai. Kamtazama beberu. Kanitazama mimi. Kauliza taratibu, na leo nani?

Sikuwa na mtu wa kumtaja.

Hakunigombeza. Ingekuwa heri. Kasema nimweleze Baba kwa mdomo wangu mwenyewe kabla ya Jumapili jioni, la sivyo atakuja yeye, na shahidi wake. Akamgeuza beberu, wakarudi nyumbani. Beberu alikuwa anatembea kwa madaha.

Halafu Athanas kapita, kapu kichwani, halitikisiki. Kasema, shikamoo, injinia.

Jumapili, 12 Juni

Askofu kahubiri juu ya ukweli. Kwa nini, sijui.

Athanas kapewa baiskeli. Maganga kamrudishia tairi jembamba, mimi kanionyesha tu vidole viwili. Kesho shule inafunguliwa na mimi nitatembea.

Baba bado sijamwambia. Alikuwa na furaha, nisingependa kumharibia. Halafu akachoka, nisingependa kumsumbua.

Ila nimefikiri. Maganga hakusema tairi ni baya. Kasema linataka ringi pana. Kwa hiyo nusu nilikuwa sahihi! Na baiskeli ya padri, ile inayoegemezwa nyuma ya sakristia, ina ringi pana, inchi ishirini na nane. Nimeipima leo wakati wa komunyo. Safari hii nimepima ndani. Nikibadilishana naye magurudumu, yeye hatagundua, macho yake yako mbinguni. Athanas atazama kwenye changarawe wiki hii hii, Baba atatafuta dereva mwingine, nami nitakuwa tayari. Vijiko ninavyo. Na mtu akiuliza nani kagusa baiskeli ya padri, si kuna mbuzi wengi pale misheni?

Kuna mtu anakuja. Nasikia kandambili uani. Mama Sikujua anapiga hodi, Baba anamkaribisha. Na nyuma yake kwato, taratibu, nne, zinapita sebuleni, zinakuja moja kwa moja kwenye mlango wa chumba ch