Yai la Kwenda Malindi

Jumatatu, 11 Agosti 1997
Habari kubwa! Mwalimu Kitheka wa klabu yetu ya anga pale Kianda, Kibera, ametangaza shindano. Roketi ya chupa ya plastiki, maji ndani, upepo kwa pampu ya baiskeli, na abiria ni yai bichi. Yai litakalokaa hewani zaidi na kurudi zima, mwenyewe atapelekwa Malindi kuona kituo kilichokuwa kikirusha setilaiti za kweli. Nafasi ni moja. Ni yangu. Malika wa Kibera anadhani ni yake kwa sababu ana daftari la jalada gumu. Wamarekani wana kigari huko Mirihi na mimi sijafika hata Mombasa. Lazima niende.

Jumatano, 13 Agosti
Jaribio la kwanza, nyuma ya ploti yetu, mtaani Kabiro. Roketi ilipita paa! Parachuti ya mfuko wa nailoni ikakataa kufunguka. Yai likapasukia kwenye shuka la Mama Sella, jirani, lililokuwa limeanikwa. Mama yangu huuza mayai ya kuchemsha steji ya matatu za 56 na hapendi mchezo na mayai. Alisema, "Wewe Osewe, hiyo yai ungekula ungeshiba." Nimefua shuka mara mbili.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimetengeneza parachuti mpya, pana, kamba nane. Yai nitalizungushia sponji ya godoro. Najisifu, maana hakuna mwingine wa kunisifu. Kisha nikaenda Kianda kumpeleleza Malika. Akanikaribisha chai! Akasema amejaribu mara sita na yai halijavunjika hata mara moja. Chai ikanishinda.

Nimerudi kwa miguu nikiwa na hofu tele. Mama alikuwa anaepua sufuria ya mayai. Hapo akili ikafunguka. Ganda ni lile lile! Ya ndani nani atayajua? Nimechukua moja, gumu kabisa.

Jumamosi, 16 Agosti
Yai la Malika lilirudi zima, lakini lilishuka upesi. Langu! Lilielea mpaka watu wakachoka kuhesabu. Likatua kwenye nyasi bila ufa. Vijana wakanibeba juu juu. Malindi nilishaiona.

Mwalimu akatoa jiko na karai. Akasema chakula hakitupwi, mayai yote mazima yatakaangwa tule na chapati. Nikajitolea kula langu bichi, pale pale. Akakataa. Akaligonga ukingoni. Akaligonga tena. Ganda likabanduka, yai likaviringika ndani ya mafuta, jeupe.

Malika alicheka hadi akakaa chini. Mwalimu hakucheka. Alitia yai bichi kwenye roketi yangu, akairusha mwenyewe. Likarudi zima. Akalipasua, likamwagika kwenye karai vizuri kabisa.

"Osewe," akasema, "hii parachuti yako ingekupeleka Malindi. Sasa ataenda Malika."

Nililia. Mbele ya watu wote, nililia.

Jumapili, 17 Agosti
Sikwenda kanisani. Mwalimu aliniagiza nifikirie kosa langu kwa makini. Nimefikiria tangu asubuhi na nimelipata. Ni dakika! Mama huchemsha mayai dakika kumi. Mwaka ujao langu nitalichemsha dakika mbili tu, limwagike kwenye karai kama mayai ya watu wengine.