Jinsi Adelard wa Temeke Alivyoiteka Pua ya Bibi wa Kiitalia

Sogeeni, enyi wa Temeke, nanyi wa Manzese mlio mbali; mwenye chungu jikoni akiepue, mwenye ugomvi auahirishe, kwani habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Namsimulia Adelard, Simba wa Masjala, Mpiga Mihuri Asiyetetereka, aliyechukua brashi na rangi za mafuta alizoachiwa na Mzungu aliyehamishwa, akaondoka kwenda kupambana na fundi wa Kiitalia aliyekwisha kufa zamani za mababu wa mababu.

Adui alijificha katika kalenda ya duka la Bandali, akiwa na sura ya bibi aliyekunja mikono, ametulia kama anayengoja chai. Uwanja wa vita ulikuwa ubao wa meza ya kulia, meza pekee ya nyumba ile, ambao shujaa aliung'oa miguuni mchana kweupe.

Yuliana mkewe akasimama mlangoni, akanena: "Baba watoto, mama yangu anashuka treni Jumapili. Uso huo ukimpendeza, utaning'inia ukutani. Usipompendeza naupiga msasa, na meza yangu inarudi kwenye miguu yake."

"Mke wangu," akajibu shujaa, "fundi hujifunza kwa kuwaiga wakubwa. Leo naiga, kesho nitaigwa."

"Kesho unakwenda kazini."

Basi akaanza na kivuli cha kahawia, kisha ngozi, tabaka juu ya tabaka. Akaliteka paji, akalizingira shavu, kidevu kikasalimu amri. Lakini alipofika katikati, ole wake: mende alikuwa ameila pua ya kalenda, pua nzima, na majeshi ya Adelard yakasimama kama mbele ya mto usio na kivuko.

"Niazime pua yako," akamsihi mkewe.

"Chukua. Mchuzi ukiungua, utaula wewe."

Pua ikakaa mahali pake. Shujaa akarudi nyuma aitazame kazi yake, na papo hapo akavua kofia, akainamisha kichwa. Kwani Yuliana pua kairithi kwa mamaye, na pale ubaoni hakuwapo tena bibi wa Kiitalia. Alikuwapo Mama Felicitas, mkwewe, ambaye kwa desturi ya kwao Adelard hakuwahi kumkazia macho tangu siku ya posa.

Na macho ya mama huyo wa ubaoni yalikuwa hayajatiwa nuru. Hapo ndipo wanaume huhesabiwa. Akampa mkwewe mgongo, akainua begani kioo cha kunyolea, na kwa mkono uliopinda kinyumenyume akadona jicho la kulia. Akahema. Akadona la kushoto, nalo likakaa upande kidogo, kama linaloshuku jambo.

"Unafanya nini wewe?" akauliza Yuliana.

"Namheshimu mama yako."

Jumapili Mama Felicitas akaingia na mkungu wa ndizi, na Adelard akauamkia ule mkungu shikamoo. Mama akausogelea ubao, akaukagua toka paji hadi kidevu. Yuliana akashika msasa.

"Mama, nifute upate pa kulia chakula?"

"Unifute mimi? Tandika mkeka. Sijawahi kula juu ya uso wangu, na sianzi uzeeni." Kisha akamgeukia shujaa. "Nawe mkwe, hujanitazama hata siku moja. Hilo jicho la kushoto umelijuaje? Ndivyo ninavyokutazama."

Hivyo ndivyo Italia ilivyoanguka mbele ya Temeke. Na tangu siku ile nyumba ya Adelard hula mkekani, naye mshindi hula ameinama, maana ukutani kuna mkwe.