Mechi Yangu ya Mwisho na Mudathiri

Jumanne, 8 Julai 2025

Miguu imevimba tena. Daktari amemwambia mke wangu Zaitun kwamba moyo wangu umechoka, nisitoke nje ya ua. Alimwambia koridoni, kana kwamba nimeshaacha kusikia. Nimefundisha fizikia hapa Kasulu mpaka nikastaafu. Pampu ikichoka najua kinachofuata.

Basi nikiri mapema, maana muda si wangu. Kinachoniuma ni Mudathiri. Anauza nafaka kwa mizani, na ana kibanda cha gemu nyuma ya soko. Kwa miaka mingi tulikuwa tunacheza mpira wa kwenye runinga kila baada ya alasiri, wazee wawili na padi zetu za kubonyeza, vijana wakituzomea. Mwezi uliopita alinifunga saba bila. Nikasema mbele ya wateja wake kwamba hufanya mazoezi peke yake akishafunga mlango, na kwamba ndiyo kawaida ya watu waliozoea kupunja mizani. Yeye akasema taratibu, "Mwalimu, ukitaka haki, katengeneze gemu yako."

Hatujasemezana tangu hapo. Leo Zaitun kaja na habari kutoka sokoni: Mudathiri anahamia Tanga kwa wanawe. Anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Zaitun anataka nimpigie simu, nimtake radhi, yaishe. Eti ni jambo la dakika moja.

Nina mpango bora. Nitatengeneza gemu kweli. Ya kushika mkononi, ya kuchezea kitandani. Atasikia, hataweza kujizuia, atakuja kuiona. Nitamfunga. Hapo ndipo nitaomba radhi, nikiwa mshindi. Radhi ya mshindi ina uzito.

Alhamisi, 10 Julai

Vifaa vinapatikana kwa urahisi wa kutisha. Huku kwetu anayekuja kumjulia hali mgonjwa lazima aulize anatamani nini, na akitajiwa hawezi kukataa. Hutarajia kusikia uji wa ulezi, au migebuka, wale samaki wa Kigoma.

Akaja Khamisi, dereva wa lori la Manyovu. Akauliza ninatamani nini. Nikafumba macho, nikasema ninatamani ile gemu ya zamani ya kaseti waliyoiacha wanawe. Akaileta jioni, imefungwa kwenye taulo, macho yamemwiva. Alidhani nimeanza kurudi utotoni.

Jirani yetu Asmahani akauliza vilevile. Nikataja betri ya taa yake ya sola. Sasa dirisha lake ni giza na anapikia kwa kubahatisha. Nimeona aibu. Betri lakini ni nzuri.

Jumamosi, 12 Julai

Amekuja Mulenda, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu anayetengeneza simu. Kaleta kioo kidogo cha skrini, kile cha kumwonyesha dereva wa gari kilicho nyuma yake. "Papa, iko nzima kabisa, minaapa." Kina ufa kwenye kona. Nikamwonyesha ufa. Akasema huo ni wa nje tu, ndani haujafika.

Tulihitaji ganda la kuwekea kila kitu. Mulenda akapendekeza bati la biskuti. Mimi nikasifu wazo. Tukapanga ubao wa gemu ndani, tukafunika, tukawasha. Moshi. Nimewafundisha vijana wasiohesabika kwamba bati hupitisha umeme, na nimesahau mbele ya bati lenyewe. Mulenda akasema yeye ni fundi wa simu, mwalimu wa bati ni mimi. Nikamwambia bati ni lake. Tukanuniana mpaka Zaitun alipoleta chai.

Ubao umepona, sijui kwa neema gani. Sasa tunatumia kasha la plastiki la Zaitun la sindano na nyuzi. Sindano nimezimwaga kwenye soksi. Vitufe tumeving'oa kwenye rimoti zilizokufa, vya Mudathiri vitakuwa kulia, vyangu kushoto. Wachezaji itabidi wakae bega kwa bega.

Jumatatu, 14 Julai

Picha ipo. Wachezaji wanakimbia. Sauti hakuna, na goli lisilo na kelele za watu ni goli gani?

Zaitun alikwenda shambani. Redio yake ndogo ilikuwa dirishani. Nilikusudia kuazima spika tu na kuirudisha baada ya mechi. Nikairudishia redio mfuniko vizuri. Jioni alipoiwasha ikabaki bubu. Akaitikisa, akaipiga kofi, akaniuliza kama nina habari. Nikasema pengine mawe yamekwisha nguvu. Keshokutwa ni siku ya soko, atanunua mawe mapya. Nilijisikia mwepesi sana kwa kupata jibu hilo.

Jumatano, 16 Julai

Nisingependa kuandika haya.

Zaitun husikiliza redio kwa ajili ya matangazo ya vifo tu. Mengine yote humpita. Jumatatu jioni walitangaza msiba wa Makere: binamu yake Leonidasi, yule aliyemlea alipofiwa na mama. Ndugu walijua lazima atasikia, kwa hiyo hakuna aliyehangaika na simu. Wamezika jana. Leo asubuhi Zaitun alikuwa sokoni akinunua mawe ya redio, mwanamke wa Makere akampa pole, kisha akamuuliza mbona hakuonekana.

Alipanda bodaboda hapohapo. Karudi alasiri na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Wazee wa ukoo walimpa kigoda akae peke yake karibu na mlango. Shangazi mmoja alisema, bila kumtazama, kwamba watu wa mjini siku hizi huzikiwa na majirani, sasa wanadhani na wengine ni hivyo.

Nilikuwa nimeliandaa neno. Lilikuwa mdomoni. Zaitun akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kunikanda miguu kama kila siku. "Baba Tunu," akasema, "ile redio ilinifia siku mbaya."

Nikasema ni kweli, ilikuwa siku mbaya.

Spika iko chini ya mto wangu. Sauti yake ni safi sana.

Alhamisi, 17 Julai

Imekamilika. Niliijaribu asubuhi, mkono wangu wa kushoto dhidi ya mkono wangu wa kulia. Wa kulia ulishinda. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwani kulia ni upande wa Mudathiri.

Nimefikiri mpaka adhuhuri. Pumzi ni fupi, vidole vinatetemeka, na yeye bado anabeba magunia. Je, hiyo ni haki? Haki ni mizani kulingana. Nikachukua mkasi wa kucha, nikafungua kasha, nikakata waya mmoja mwembamba. Ule wa kitufe chake cha kupiga shuti. Anaweza kukimbia, anaweza kutoa pasi. Kufunga hawezi.

Nikamtuma Mulenda akapite kibandani aseme kwa sauti kwamba Mwalimu ametengeneza gemu.

Ijumaa, 18 Julai

Amekuja baada ya sala, na kanzu yake ya Ijumaa. Niliwaza hotuba nzima. Hakunipa nafasi. Alikaa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mwalimu, kesho ninaondoka. Lile neno la kukutuma ukatengeneze ya kwako lilinitoka vibaya. Nisamehe."

Yeye ndiye aliyeomba. Mimi niliyemwita mwizi wa mizani mbele za watu, nilipaswa kujibu nini? Nilijibu, "Nimekusamehe."

Zaitun alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alinitazama jinsi ambavyo hajanitazama tangu tuoane. Akaweka sinia, akatoka.

Kisha nikatoa gemu. Mudathiri aliigeuza, akaipapasa, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Alisema Tanga nzima hakuna kitu kama hiki. Tukakaa bega kwa bega. Timu yake ilinizunguka kama nguzo. Mara tano alifika golini, akabonyeza, akabonyeza, na mchezaji wake akasimama tu akiutazama mpira. Dakika za mwisho nikapata upenyo. Moja bila. Umati ukapiga kelele ndani ya kasha la sindano.

Nilimsubiri anitukane. Nilikuwa tayari kwa matusi. Yeye alikuwa anatazama kidole gumba chake cha kulia, akikikunja na kukikunjua.

"Vidole vimekwisha," akasema. "Nilikuwa nabisha wanangu waliponiambia nimezeeka. Kumbe wao wameona. Bora niende nikakae."

Pale palikuwa mahali pa kusema. Waya ni mmoja, neno ni moja. Nikasema uzee unatufikia sote.

Alinibusu kipaji cha uso. Nilisikia akiwaambia watu nje ya ua kwamba Mwalimu amemfunga kihalali, mgonjwa hivyohivyo, na anayebisha aje kwake. Nimelia baada ya hapo. Zaitun alidhani ni kwa ajili ya kuagana.

Jumapili, 27 Julai

Nimemrudishia Zaitun spika. Nimemweleza yote, ya redio na ya waya. Hakupaza sauti. Alisema atakwenda Makere aketi tena kwenye kile kigoda, na kwamba safari hii atawaambia ni nani aliyemkalisha. Kisha akanipa simu yake na kuniamuru nimweleze Mudathiri habari za waya, sasa hivi, kabla moyo haujasimama. Nikakubali. Nilikubali kwa dhati.

Mudathiri alipokea akiwa Tanga. Sauti ya furaha. Kabla sijasema kitu akaniambia binti yake amempeleka hospitali kwa ajili ya kidole. Wamekipiga picha, hawajaona kitu. Wamempa dawa ya kuchua. Anachua asubuhi na jioni, na anaona tofauti kubwa.

Nikasema, "Mudathiri, ndugu yangu, kuhusu hicho kidole."

Akanikatiza. Alisema anajua ninataka kumfariji, niache. Atakuja Maulidi, Mungu akitupa uzima, na kidole kipya, na safari hii tutakaa anavyotaka yeye: yeye kushoto, mimi kulia. Eti mwanga wa dirisha ulimsumbua.

Zaitun alikuwa amesimama mbele yangu, mikono kiunoni, akisubiri.

Nikamwambia Mudathiri aendelee kuchua, asiache hata siku moja.

Zaitun amekwenda kwa Asmahani na hajasema atarudi saa ngapi. Nimemwita Mulenda. Nimemwambia aje aunge waya mmoja wa kulia, na alete mkasi wenye ncha nyembamba zaidi, maana nyaya za upande wa kushoto zimebanana sana.