Marashi Zizini

Jumanne, 4 Machi
Nimemfukuza daktari wa mifugo. Kwa adabu, lakini nimemfukuza. Eti kondoo wangu mweusi ana mapacha, nimwite uchungu ukianza. Nimwite! Mimi nafuga tangu mwaka jana. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa ameegemea uzio akicheka. Yeye kondoo wake akikohoa tu, mbio kwa daktari. Nikamwambia mimi si mtu wa kushikwa mkono. Akajibu sawa, ila kondoo ameshaambiwa?

Jumatano, 5 Machi
Uchungu asubuhi. Kikatoka kichwa na mguu mmoja. Wa pili haupo. Nikavuta. Wapi! Nikavuta tena, mguu wangu nimeukita ukutani. Kondoo akanipiga teke gotini. Mke wangu akaja, akauliza kama nang'oa kisiki. Akanisogeza, akanawa, akapaka mkono mafuta, akamrudisha mtoto ndani taratibu, akautafuta mguu uliokunjika, akaunyoosha. Mwanakondoo akateleza nje kama sabuni.
Hapumui!
Mke wangu akamfuta pua, akamtekenya puani kwa unyasi, akamsugua kwa gunia. Kimya. Nikajikuta nanong'ona: pumua bwana, pumua. Akapiga chafya! Nikatoka nje. Vumbi lilikuwa limeniingia machoni. Pacha wake akatoka bila shida.
Jioni nilimweleza shemeji nilivyomzalisha kondoo.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mweusi anamnyonyesha pacha wa pili, lakini anamsukuma yule wa kwanza kwa kichwa. Mke wangu akasema tumwite daktari. Nikasema nife kwanza. Kondoo hutambua mtoto kwa harufu, sivyo? Basi nikachukua marashi ya mke wangu, nikawapulizia wote wawili wanukie sawa. Akili hiyo!
Mweusi akawanusa. Akawakataa wote. Angalau hana upendeleo.

Ijumaa, 7 Machi
Wanalia kwa njaa. Yule wa kwanza hasimami. Mke wangu hakuniuliza tena, alimwita daktari. Daktari akaingia zizini, akavuta pumzi, akauliza nani anaoa. Shemeji akakaa chini kabisa kwa kucheka. Daktari na mke wangu wakawaogesha watoto, wakawakausha, wakamfunga mama kichwa kwenye mlango asiweze kuwasukuma, watoto wakanyonya. Mke wangu hasemi nami. Chupa ya marashi ilikuwa mpya.

Jumapili, 9 Machi
Mweusi amefunguliwa, anawalamba wote wawili. Wa kwanza anarukaruka! Daktari anasema ni maziwa: yakishawapitia, watoto wananuka kama mama yao. Mimi nasema ni marashi. Yalichelewa tu kufanya kazi.
Nimetundika kibao getini: MKUNGA WA KONDOO. Mchana huohuo shemeji akaja mbio. Kondoo wake amekwama, daktari yuko safarini, anamwomba dada yake. Nikamwelewesha kwamba mkunga ni mimi, dada yake ni msaidizi. Akasema ndiyo shemeji, hewala shemeji, kisha akaondoka naye.
Hakukisoma kibao vizuri. Nimekishusha. Nakiandika upya kwa herufi kubwa zaidi.