Mnyoo Wangu Mwenye Vinyonyio Vinne

Jumatatu, 4 Machi
Mtoto anaota meno, mimi naota ndoto nikiwa wima. Mkuu wa maabara katangaza: Ijumaa mmoja wetu atapewa kazi ya kudumu, mwingine aage. Yaani mimi au Miwani, dada anayejua aina zote za minyoo wa damu kama anavyojua watoto wa dada yake. Kasa wakiletwa wamekufa, tunawatoa minyoo kwenye mishipa, tunawaosha, tunawabana kati ya vioo, tunawapaka rangi, kisha kila mmoja anapangwa kwenye jamii yake. Miwani hupanga. Mimi hupangusa meza.

Lakini leo! Chini ya hadubini, mnyoo mwenye vinyonyio vinne! Wenzake wana viwili, kimoja mdomoni, kimoja tumboni. Spishi mpya! Kazi yangu hiyo. Miwani akauliza mbona natabasamu. Nikasema meno ya mtoto.

Jumanne, 5 Machi
Miwani ananizunguka kama nzi. Nimekileta kioo chenye mnyoo wangu nyumbani ndani ya soksi ya mtoto. Werevu ulioje! Mama mkwe akaitosa soksi kwenye beseni. Nikaruka. Kioo salama, mimi povu hadi kiwiko. Akauliza, mwanangu, siku hizi watoto wanavalishwa vioo?

Juzi alitishia kurudi kwake, na bila yeye nani atanishikia mtoto? Nikamwahidi mnyoo atapewa jina lake. Akalainika. Akauliza anafanya kazi gani huyo. Nikasema anakaa ndani ya kasa, anamnyonya damu polepole. Kisha akasema basi nimpe jina la mume wangu, ndiye aliyegoma kuachishwa ziwa.

Jumatano, 6 Machi
Sijalala. Nimemwambia mtoto, kwa upole ila kwa mkazo, kwamba wiki hii mama ana mnyoo wa kutunza. Akanicheulia begani. Nimembusu, nikabadili blauzi, nikaivaa ndani nje hadi jioni. Hakuna aliyeniambia. Maadui watupu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeonyesha! Mkuu akainama kwenye hadubini, akapangusa lenzi, akainama tena. Nikadhani ameguswa. Akamwita Miwani. Miwani akatazama, akauma mdomo. Mkuu akalegeza kioo cha juu, akadondosha maji, akasukuma kwa sindano.

Mnyoo wangu akagawanyika. Wawili! Wa kawaida kabisa, walikuwa wamelaliana kama ndugu kwenye kitanda kimoja. Mkuu akauliza kama nilimwosha kila mmoja peke yake. Nikasema nadhani niliosha nikiwa nimesinzia.

Kazi kapewa Miwani. Nikafunga mkoba. Miwani akanifuata mlangoni. Jamani dada, si ungeniuliza tu? Kisha akamwomba Mkuu nibaki, niwe nakuja asubuhi tu, nimsaidie kuosha minyoo. Mkuu akakubali. Nimelia chooni. Aibu na shukrani, sijui ipi ilizidi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeosha mmoja mmoja, macho wazi, kama nilivyoelekezwa. Na nimeona! Mnyoo asiye na kinyonyio hata kimoja! Mfupi, butu, wa ajabu. Dunia haijawahi kumwona! Nikamfunika kwa kiganja. Miwani akapita, akakiinua kidole changu kimoja, akachungulia. Akasema dada, huyo ni mkia, nusu ya mbele imebaki kwenye sindano yako.

Wivu huo.