Mkondo wa Kaskazini

Jumatatu, 4 Machi
Kiti cha naibu mkuu wa kitengo cha bahari kiko wazi. Hatimaye! Keshokutwa meli itadondosha boya lenye chombo cha kutuma mahali lilipo. Mkuu ameagiza mimi na mwenzangu Dada Rula tutazame picha za setilaiti, kila mmoja aandike boya litakuwa wapi baada ya siku mbili. Bahasha zifungwe. Atakayekaribia ndiye naibu. Nikishindwa, narudishwa ghorofani kwenye kitengo cha upepo, nilikosota miaka tisa.

Mke wangu nimeshamwambia kiti ni changu. Bahati mbaya alikuwa amekaa na mama yake. Mama mkwe, ambaye huniita Bwana Upepo, tayari ameupigia simu ukoo mzima.

Jumanne, 5 Machi
Picha tangu asubuhi! Nyekundu ni maji ya vuguvugu, buluu ni baridi. Unalinganisha ya jana na ya leo, uone rangi zimesogea wapi. Mimi naona nguo iliyochuja kwenye beseni. Nusu nzima mawingu. Mawingu nayajua yote kwa majina, lakini nani kaniuliza?

Dada Rula, anayepima hata mkate wake wa mchana, alikuwa anafuatilia duara la maji yanayozunguka, rula juu ya kioo cha kompyuta. Alipokwenda kula, niliinama karibu na meza yake kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Daftari lilikuwa wazi: "Mkondo wa kaskazini. Kilomita arobaini. Boya litakwepa duara."

Kazi kwisha! Nani asiyejua kwamba upepo wa kaskazini hutoka kaskazini ukaenda kusini? Nikaandika: kusini, kilomita arobaini na moja, litakwepa duara. Hiyo moja ni jasho langu, nisije nikaitwa mwizi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepima dirisha la chumba cha naibu nipate kipimo cha pazia. Rula nimeazima kwa Dada Rula. Nilimhurumia, nikamwambia kushindwa si kufa. Akanishukuru, akanitazama viatu.

Mama mkwe anakuja kesho akione kiti kwa macho yake.

Ijumaa, 8 Machi
Fedheha! Boya limekwenda kaskazini. Kilomita thelathini na tisa.

Mkuu alifungua bahasha mbele ya kitengo kizima, mama mkwe ameshakalia kiti cha naibu, mkoba mapajani. Akasoma ya Dada Rula. Akasoma yangu. Akavua miwani. Akaniuliza ni duara lipi, maana upande wa kusini hakuna duara lolote. Nikasema lilikuwa nyuma ya wingu. Watu walicheka hadi kushika mbavu.

Dada Rula akaeleza polepole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu: upepo huitwa kwa unakotoka, mkondo huitwa kwa unakokwenda. Mkondo wa kaskazini unakwenda kaskazini. Mkuu akasema za mwizi ni arobaini, ila huyu kajiongezea moja.

Mama mkwe akainuka, akamkalisha Dada Rula kitini, akamwita "mwanangu". Mimi hajaniita hivyo hata siku ya harusi. Imeniuma, sitaficha.

Jumatatu, 11 Machi
Nimerudi ghorofani. Sina kinyongo. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, na mimi nimeerevuka.

Na nafasi imekuja siku hiyohiyo! Wazimamoto wanataka kuchoma nyasi kavu zilizo kaskazini mwa jengo letu. Wakauliza upepo ukoje. Nikatazama vipimo: upepo wa kaskazini, mkali. Zamani ningewaambia waahirishe. Lakini mwenye akili hakosei jambo moja mara mbili. Wa kaskazini unakwenda kaskazini, mbali nasi kabisa! Nimewaambia wawashe bila wasiwasi.

Nimefungua madirisha yote ya upande ule, angalau tupate hewa safi.